Shikamoo ya Ghala la Mashuka

Dada yangu,

Shikamoo. Gari la kuturudisha nyumbani limeshawashwa, mimi nimekalia begi langu hapa kwenye ukuta wa kiwanda, na naandika mbio mpaka herufi zinapanda mlima. Usinicheke. Natumai hujambo, na mgongo wa mama umepoa, na mwanao ameshaacha kulia meno. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo sijui.

Hapa ni kwenye kile kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Wafanyakazi wametoka kwetu wote, wanalala humu humu ghorofani. Watoto hawaruhusiwi ndani ya uzio, lakini mtoto utamwacha kwa nani kwenye nchi ya watu? Kwa hiyo mama zao wanawaficha kwenye ghala la mashuka mabovu, nyuma ya marobota, mpaka zamu iishe. Wenzangu wa kujitolea walikuja kuwafundisha wakubwa lugha ya huku. Mimi nilikuwa wa kubeba viti na kufagia. Siku moja mama mmoja wa kwenye pasi akanivuta pembeni, akaniomba niwafundishe wale watoto kusoma. Nikamwambia mimi mwenyewe niliishia la tano. Akasema hao hawajaanza hata la kwanza, sasa nataka niwazidi kiasi gani?

Basi nikawa mwalimu. Mimi huyu mnayeniita bubu! Ubao wetu ni shuka lililochanika, naandika kwa mkaa. Likijaa, yule mama analitumbukiza kwenye mashine, kesho tuna ubao mpya. Binti yake tunamwita Redio, maana hazimiki. Huyo ndiye kiranja.

Jana niliwaaga. Redio akauliza ni nani atakuwa mwalimu kesho, nikajifanya nafuta mkaa. Walinipa zawadi, leso waliyoikata kwenye ubao, bado ina herufi A. Halafu wakasimama wote wakaniamkia kwa pamoja, ghala likatetemeka. Mama Redio alicheka mpaka akashika mbavu, akasema nimewatia adabu hawa, hata panya akiingia watamwambia shikamoo.

Dada, hapo ndipo hofu yangu ilipo. Jambo la kwanza nililowafundisha, kabla hata ya A, ni lile tulilofundishwa sisi: mtu mzima akiingia darasani, simama, amkia, kwa sauti. Asiyeamkia hana adabu. Juzi juzi fundi umeme aliingia kubadilisha taa, akidhani ghala ni tupu. Wakachomoza nyuma ya marobota wote kwa mpigo, shikamoo! Fundi nusura aanguke na ngazi. Ni mtu wa kwetu, hakumwambia mtu. Mimi na mama zao tulicheka siku nzima. Hakuna aliyefikiria mbele.

Sasa hivi mlinzi amekuja kwangu kama mtu anayeomba kiberiti. Amesema huku anaangalia pembeni kwamba msimamizi ameleta wakubwa kutoka makao makuu, wanafungua maghala moja moja, na mwenye mtoto atakayekutwa ndani anafukuzwa leo leo, yeye na mume wake. Kina mama wamesimamishwa kwenye mashine, hakuna ruhusa ya kusogea. Namuona mama Redio dirishani. Anakunja shuka lile lile kila mara, macho kayakaza kwenye mlango wa ghala. Najua aliwaambia wakae kimya. Lakini mlango ukifunguka, Redio atasimama, na atakayechelewa atamfinya.

Nikuambie ukweli, dada. Mlinzi amenipa habari hizi kabla sijaanza hii barua. Nimekaa hapa naandika ili nisiende. Nilikuwa naomba atokee mwingine. Kitambulisho cha kuingilia nilikirudisha jana, nikikamatwa ndani gari litaniacha, na sijui watanifanya nini. Unanijua, mbuzi wa jirani akikohoa mimi nafunga mlango. Lakini mwingine hajatokea, na watoto wale wananyamaza kwa sauti yangu tu.

Kuna toroli za mashuka machafu zinaingilia mlango wa nyuma, karibu na ghala letu. Nitajilaza humo, nijifunike. Barua na begi nampa dereva. Msije kunisubiri kituoni leo. Mwambieni mama nimechelewa tu, msimwambie kingine. Mbusu mwanao, na shemeji nisalimie sana.

Wametoka ghala la sabuni, la mashuka ndilo linalofuata. Lazima niondoke sasa, dada. Atakayefungua ule mlango ataamkiwa, na nataka niwe mimi.

Mdogo wako,
yule bubu wenu