Mwanamuke wa Kikwembe cha Vindege

Jumamosi, 12 Oktoba 2024. Kinshasa

Formation yetu wauguzi imeisha jana. Avion, ndege ya kurudi, ni Jumanne. Joto la huku linachosha. Nimekumbuka baridi ya asubuhi ya Goma mpaka nikajicheka, maana nyumbani mimi njo wa kwanza kuilalamikia.

Aubin, infirmier mwenzangu, alisema hawezi kurudi Goma bila kuona musée, yale makumbusho makubwa. Mimi nilitaka kulala. Nimeenda kwa sababu yake tu.

Jumba refu, sakafu inang'aa, hewa ya baridi. Watoto wa shule wamepangwa mistari, wananong'ona. Sanamu za miti ndani ya vioo, kila moja na taa yake. Masque, sura za mbao. Ngoma iliyopasuka ngozi. Nilisimama sana mbele ya kiti kidogo cha mbao, kimelainika pale watu walipokalia. Nyanya yangu wa Butembo alikuwa nacho cha namna hiyo jikoni, alikuwa anakikalia akimenya mihogo. Sisi wajukuu tulikuwa tunakigombania. Hapa kiko ndani ya kioo na hakuna anayekikalia. Nimekihurumia kiti!

Juu kuna michoro mikubwa ya rangi. Kisha chumba cha mwisho — exposition, maonyesho ya foto za studio za zamani, kutoka Bukavu, Lubumbashi, Kisangani, kila pembe. Vijana wa suruali pana. Maharusi. Mutu amekumbatia redio yake kama mutoto.

Halafu yeye.

Mwanamuke kijana. Amesimama, mukono kiunoni, anacheka mpaka macho yamekuwa madogo. Nyuma yake kitambaa kilichochorwa ziwa na mulima unaotoa moshi. Na kikwembe alichovaa, kitenge kizima — vindege vyeusi, hirondelle, mbayuwayu, vimejaa toka kifuani mpaka miguuni.

Chini wameandika: Goma, miaka ya themanini. Mwanamuke asiyejulikana.

Nilimushika Aubin mukono. Aubin akauliza kama ni joto.

Niandike vizuri, kichwa kitulie. Foto ya mama ilikuwa salon kwetu, sebuleni, juu ya kabati. Kikwembe hicho. Mulima huo uliochorwa. Mama Lucie alikufa nikiwa mudogo sana, sauti yake siijui. Nilimujua kwa ile foto tu. Kabla ya kwenda shule nilikuwa namuangalia. Halafu volcan, uji wa moto wa Nyiragongo, ikashuka mpaka katikati ya muji, mimi na miaka saba. Tulikimbia na godoro na sufuria. Nyumba, kabati, foto, vyote viko chini ya mawe. Hatukuwa na foto ingine. Tangu pale uso wake umekuwa unafutika, kila mwaka kidogo. Vindege vilibaki. Uso hapana.

Leo umerudi. Nimeupiga picha na téléphone. Kioo kimeingiza taa na kipande cha kichwa changu, lakini anaonekana.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimerudi kule peke yangu, baada ya misa. 

Gardien, mulinzi wa kile chumba, ni muzee mumoja mwembamba, Kiswahili chake alijifunzia jeshini Bukavu. Aliniona nimesimama pale pale muda mrefu. Akauliza kama ninamujua yule mwanamuke. Nikajibu, "Ni mama yangu."

Nimeishi miaka thelathini bila kusema neno hilo nikiwa ninamuonyesha mutu kwa kidole.

 Muzee alienda akaleta kiti chake mwenyewe, kile anachokaliaga mulangoni, akakiweka mbele ya foto. Nikakaa. Kila mugeni aliyeingia, gardien alikuwa anamusogelea na kumuambia polepole kwamba mutoto wa yule wa ukutani njo huyu hapa. Watu walikuwa wanatuangalia, yeye, mimi, yeye. Mama mumoja akasema ni paji la uso lile lile. Bwana yake akasema hapana, ni namna ya kusimama.

Nilikaa mpaka walipoanza kufunga madirisha. Sijui kama nimewahi kuwa na Jumapili nzuri hivi.

Jumanne, 15 Oktoba. Goma

Avion ilizunguka juu ya ziwa, nikaona Nyiragongo imevaa wingu lake. Kisha mawe meusi, mabati, hema za wakimbizi nyeupe nyeupe. Vumbi. Baridi! Nimevuta hewa mpaka dereva wa moto, pikipiki ya kukodi, akacheka.

Pale tunapopita kwenda nyumbani, barabara inapita juu ya muji wa zamani. Watu wamejenga juu ya lave iliyoganda, wameweka butiki, salon ya nywele, kanisa. Kila mara ninapita nafikiri: kwetu kuko hapa chini, mahali fulani. Mulango wa kijani. Muti wa maparachichi wa jirani. Leo sikufikiri hivyo. Leo nilikuwa nimebeba mama mufukoni.

Papa sijamuambia kwa téléphone. Nataka kuona macho yake.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemuonyesha.

Alikuwa ametoka kula. Papa Zéphirin, baba yangu — zamani alikuwa mufanyabiashara wa barabara ya Butembo, maharagwe na vitunguu, sasa magoti yamemukatalia. Nikamuambia safari yote, musée, exposition, kila kitu, nikachelewesha makusudi. Mama Sylvie, muke wake, aliyenilea, akaacha vyombo akaja kusimama nyuma yake. Papa akatafuta miwani. Akashika téléphone kwa mikono miwili.

Akaangalia sana. Nilikuwa nangoja machozi.

"Huyu haiko mama yako," akasema.

Nikafikiri hajaona vizuri. Nikakuza picha. Nikamuonyesha vindege, mulima, mukono kiunoni. Akasema kikwembe ndiyo, kikwembe ni cha mama yako, alikinunua yeye mwenyewe Butembo akakileta hapa. Lakini mutu aliyevaa ni Émérance, rafiki yake. Mama yako alikuwa mufupi, akasema. Mweusi zaidi. Na meno ya mbele yalikuwa na nafasi katikati.

Hizo ni habari nyingi zaidi kuliko alizowahi kunipa. Lakini mimi sikuzisikia pale. Nilisikia hapana tu. Nikamuambia amesahau, miaka imekuwa mingi, hata jina lake halitaji. Nilisema kwa sauti. Mama Sylvie akanigusa bega.

Papa hakukasirika. Alinirudishia téléphone, akafuta miwani kwa shati, akaingia chumbani. 

Mama Sylvie akaniletea chai. Akasema yeye hajawahi kumukataza kuongea habari za marehemu. Ameolewa hapa miaka yote hii, na mara zingine alitamani aongee, ajue anaishi na kimya cha nani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kazi. Wagonjwa wengi, watoto wa kuhara toka kwenye kambi.

Nilikaa kwenye kiti cha muzee yule, nikapokea macho ya watu wote wale. Kwa ajili ya mama wa mutu mwingine. Paji la uso lile lile!

Aubin ameomba aone tena ile foto. Nimesema téléphone imezima.

Ijumaa, 18 Oktoba

Papa amekuja centre ya afya, kazini kwangu. Hajawahi kuja. Ni mbali, barabara ya Lac Vert imeharibika, na moto inamuumiza magoti. Nilimukuta amekaa kwenye ubao pamoja na wamama wanaongoja chanjo, kofia mapajani. Nikaogopa kuna kifo nyumbani.

Alisema amekuja kumalizia maneno yake.

Tukatoka, tukakaa nyuma ya jengo. Akanieleza kwamba Lucie na Émérance walitoka Butembo siku moja, kwenye camion yake. Yeye dereva aliwaweka mbele, na njia nzima walicheka, hata hakujua wanacheka nini, mpaka kufika Goma alikuwa ameshaamua kuoa mumoja wao. Walikaa nyumba moja, wakauza samaki pamoja, wale wa Vitshumbi. Kikwembe kizuri kilikuwa kimoja kwa wote wawili. Aliyekuwa na safari au harusi alikuwa anavaa yeye.

Halafu mama akafa. Émérance alikuja kwenye kilio, akalala pale matanga yote, na siku ya mwisho mutu mumoja alisema jambo la kuchekesha, namna inavyokuwaga kwenye matanga, na yeye akacheka.

"Walikuwa wanacheka namna moja," Papa akasema. "Nilisikia Lucie. Nikatoka nje."

Tangu pale hakumualika tena. Akimuona sokoni alikuwa anapita njia ingine. Émérance alielewa vibaya, akafikiri wanamuchukia, akaacha kuja. Kisha vita, kisha volcan, kila mutu upande wake. Lakini yuko. Papa anajua anakaa Munigi, amejua siku zote.

Nilitaka kumuuliza kwa nini amekaa kimya hivyo. Nikamuangalia magoti yake, namna alivyokuwa anayakanda, nikaacha. Nikamuambia tu kwamba Jumapili sifanyi kazi.

Akasema, "Basi tutaenda."

Jumapili, 20 Oktoba. Munigi

Naandika hapa hapa, kwa Mama Émérance, kwenye kona ya salon yake. Hawajui kama naandika. Wako nje.

Niende kwa utaratibu.

Tulifika kama saa nne. Nyumba ya mbao, mawe meusi yamepangwa vizuri kuwa kiwanja, maua ndani ya makopo. Papa alishuka kwenye moto, akaona jiwe la kukalia karibu na mulango wa kiwanja, akakaa. Akasema niingie kwanza, yeye magoti yapumue. Nilijua si magoti.

Mulangoni hakuna ubao mchana, ni rido tu, pazia la maua ya bluu. Nikabisha. Akatoka mwanamuke munene, nywele zimeanza kuwa nyeupe, anafuta mikono. Nikasema mimi ni Charline, mutoto wa Lucie. Hakunisalimia. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniangalia meno. Kweli! Akaniomba nicheke, akaona nafasi katikati, akasema sawa, ingia.

Meno yangu. Nimechukia hiyo nafasi tangu shule.

Nilimuonyesha foto, nikamueleza musée. Hakuelewa mara moja.

"Mimi niko ukutani, Kinshasa? Na watu wanalipa kuniona?"

Nikamusomea maneno ya chini: mwanamuke asiyejulikana. Hapo njo alicheka. Ni kicheko kinachoanzia chini, kinakatika, halafu kinapanda kama mutu anayepanda ngazi mbio.  Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu alikuwa anacheka hivi.

Nikamuuliza siku ile alikuwa anacheka nini. Alikumbuka kila kitu. Walienda kwa Josias, mupiga picha, wote wawili, na kile kikwembe kimoja. Lucie alikuja amekivaa, akakivua, Émérance akavaa wa kwanza. Sasa Lucie abaki na nini? Josias alikuwa kijana wa kanisa, akawageuzia mugongo, haya zimemushika. Lucie akang'oa rido ya studio akajifunga nayo toka kwapani, akaja kusimama nyuma ya Josias, na kila Josias akisema tulieni, Lucie anatembea kwa maringo kama muke wa gouverneur, rido inaburuta, pete za chuma zinalia sakafuni. Josias alipiga bila kujua kwa nini huyu anacheka hivyo. Kisha wakabadilishana, Lucie akavaa vindege, na foto yake njo ile iliyokuwa kwetu juu ya kabati.

Siku moja. Dakika chache kati ya foto hii na ile ya kwetu. Mama yuko pale. Kila mutu anayesimama mbele ya ile foto anaangalia uso unaomuangalia mama yangu.

Nikamuambia sijaelewa vizuri maringo yenyewe. Nilitaka tu aendelee. Mama Émérance akasimama, akaangalia huku na huku, akavuta rido ya mulango wake, yote, na kamba. Akajifunga. Akaanza kutembea, mukono mumoja hewani, shingo juu, na mimi nikacheka, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye naye akaanza. Sijui tulikuwa wawili au watatu mule ndani.

Mulango ulikuwa wazi sasa. Papa alikuwa amesimama katikati ya kiwanja, kofia mukononi. Hakuwa anakuja, hakuwa anaondoka.

Mama Émérance akamuona.  Akakaza rido kwapani, akatoka nayo hivyo hivyo mpaka kizingitini.

"Zéphirin," akasema, "mulango wangu unauogopa mpaka lini?"

Papa alijibu kwa Kinande, lugha yao ya Butembo, polepole, maneno mengi. Kinande changu ni cha kitoto. Nilishika jina la mama. Nilishika "samaki". Mama Émérance alishuka akamushika mukono, wakaenda kukaa kwenye mawe, mugongo kwangu, yeye bado na yale maua ya bluu mwilini.

Chai yangu imepoa. Wanaongea, wananyamaza, wanaongea. Majirani wawili wamesimama barabarani wanashangaa rido.

Sasa mutu anacheka. Si yeye. Ni Papa — simujui akicheka hivi.

Sitoki kwanza.