Mkono Begani

Mjukuu wangu Kulwa,

Mwangaluka. Huku Bariadi tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, amerudi kupalilia pamba. Umeuliza namna ya kumkata mtu pichani kwa kompyuta bila ukingo kubaki na meno. Ikuze picha, upite ndani kidogo ya ukingo, bila haraka.

Sisi tulitumia wembe. Biashara binafsi ziliporuhusiwa, niliandikia gazeti huku nikiendesha studio ndogo ya picha Malampaka. Mama mmoja aliniletea picha ya harusi, ndiyo pekee yenye mwanawe aliyefariki. Alitaka abaki kijana tu, picha iwekwe juu ya jeneza mchana ule. Nilipofika begani nikakuta mkono umemshika. Nikawakagua waliosimama naye: kila mmoja mikono yake yote ilionekana.

“Mayu, huu niukate?”

Akaitazama bangili kwenye mkono ule. “Ni wa baba yake. Tulimzika nayo kabla ya harusi hiyo.”

“Sasa nifanyeje?”

“Uache, baba. Mwanangu asiende peke yake.”

Nikauzunguka, kidole kwa kidole. Kwa hiyo, kabla hujafuta unachoona kimezidi, muulize mwenye picha.

Ni mimi babu yako.