Ule Mushipa ya Shingo Yako, Tantine

Tantine Feza,

Ni mimi Bahati, mutoto wa kaka yako, ule ulikuwa unaita Profesa Bila Diplome. Usicheke. Barua hii nimeiandika bila mutu kunisaidia, na kama kuna makosa, ni ya kalamu.

Soko iko vilevile. Meza yako ya matumbo sasa ninasimamia mimi, na wamaman wanasema ninaosha muzuri kukushinda. Bon, ni mimi ndiye ninasema. Wateja ninawafundisha bure: "Maman, ng'ombe haina matumbo ine. Iko na tumbo moja yenye vyumba ine." Unakumbuka? Ndiyo maneno nilimuambia prof wa biolojia mbele ya darasa nzima. Akanifukuza inje, na mimi kwa kiburi sikurudi tena. Uligomba siku tatu. Kisha ukasema, "Lakini ulisema kweli," na ukanipa kisu ya kazi pale mezani yako.

Ni wewe ulinionyesha kile chumba chenye vitundu kama nyumba ya nyuki. Siku moja tulikuta ndani kipande ya waya. Ulisema ng'ombe anameza haraka, anatafuna baadaye akipumzika, kwa hiyo waya inapita bila yeye kujua. Na moyo iko jirani kabisa, ukuta mwembamba tu katikati. "Ingemuchoma, moyo ingeshindwa kusukuma damu. Ungeona mushipa ya shingo imesimama kama kamba, na maji inajaa chini ya kifua." Nikashika yote. Mimi ninashika vitu mara moja, unajua.

Ndiyo maana inaniuma.

Kwenye mupando ya kilima ya kurudi nyumbani Bagira, wewe na basani ya matumbo kichwani, ulianza kusimama kupumzika mara moja. Kisha mara tatu. Mimi nilikuwa mbele, mikono mitupu, ninapiga kelele: "Ee koko, bibi muzee, unaota mizizi?" Ile jioni ulivua viatu, miguu imevimba. Nikabonyeza na kidole, shimo ikabaki. Nikamuita binti yako Neema aje kuona miguu ya tembo. Wewe pia ulicheka, ukageuza kichwa, na mushipa ya shingo yako ilikuwa pale, imesimama kama kamba.

Niliiona. Niliiona, Tantine. Nikasema, "Punguza bugali."

Ile siku ulituacha, munganga wa hospitali alisema moyo yako ilikuwa imechoka tangu zamani, na kama tungekuleta mapema, dawa ingeweza kusaidia. Neema alilia tu, hakuniuliza kitu. Hajui kwamba ile alama niliijua kwa ng'ombe, halafu kwako nikaifanya mchezo. Ananiita kaka kama zamani. Kila akiniita hivyo, ninatafuta kitu ya kuosha.

Siku hizi basani ninabeba mimi. Tukipanda, ninasimama kwenye lile jiwe la njiani ulikuwa unasimama kupumzika. Neema anageuka: "Umechoka, Profesa?" Ninasema ndiyo. Ni uongo, nguvu iko mingi. Ninasimama tu.

Kesho nikisimama pale, nitamuambia yote. Sitaweka mchezo hata kidogo. Akikasirika, akiacha kuniita kaka, ni haki yake. Na hata akiniacha pale kwenye jiwe, chakula yake itafika nyumbani, nakuapia.

Pumzika sasa. Weka basani chini, Tantine. Ninayo mimi.

Bahati wako