Hoteli Uliyopikia, Mama, Imefunguliwa Tena

Mama, shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya hapo Mbeya imekuonea huruma.

Leo nimepita Iringa mjini kuitafuta ile hoteli uliyokuwa ukipikia kabla sijazaliwa. Nilijua ilishageuzwa ghala la mbolea, kwa hiyo nilitaka kupiga picha ya mlango tu. Nikakuta watu wamejaa wanakunywa chai! Mama mmoja, Mama Neema, amelikodi jengo. Anasema alisugua sakafu mwezi mzima mpaka harufu ya mbolea ikaisha.

Nikaagiza sambusa. Manda ilikuwa nene, nami nikaropoka, "Mama yangu alikuwa akizipika hapa hapa." Mama Neema akavuta kiti akakaa.

"Kumbe ni mama yako! Wazee wa hapa kila siku wananiambia sambusa zangu hazifikii zile za zamani. Bado ana nguvu?"

"Anazo, ila anasema mikono yake haina tena anayeihitaji."

"Basi mwambie mimi naihitaji. Aje anifundishe, hata wiki mbili. Nauli na malazi juu yangu."

Akanishika mkono, akanipeleka jikoni kunionyesha meza atakayokutengea, karibu na dirisha. Nimelia kidogo, Mama.

Sijamjibu kwa niaba yako. Ila nimemwonya kwamba unaamka saa kumi na moja, na hutaki mtu mwingine akusukumie manda. Akasema ndiyo hivyo hivyo anavyotaka.

Mungu akutunze. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Atu