Jina la Mama na Anwani Chafu

Mawaleh, Alkhamisi, Machi 2006

Na mwaka huu tena inataka kulipiwa! Ile anwani chafu ya mtandao: jina la duka letu la udi, halafu neno la ngono. Tuliinunua asije mtu akaweka picha za uchi hapo, maana duka lina jina la Mama.

Kaka Salim kanicheka. "Iache ife. Hapa Oman kurasa hizo zote zimezibwa, nani ataiona?"

Hapa, sawa. Na jamaa zetu wa Unguja je? Na wa London?

Nshalipa, lakini roho haijatulia.

Baada ya Magharibi Mama, asiyejua lolote, kaniombea: "Mungu akusitiri mwanangu, asikuumbue."

Nimeitikia amina. Anwani ile imeandikishwa kwa jina langu, na yeyote akitafuta mtandaoni ni ya nani, ataliona.