Mikoko Imetudanganya

Jumatatu, 3 Machi
Ramani ya ukame imetoka. Pwani yote kijani! Mkurugenzi anatabasamu: msimu huu malori ya maji hayaendi pwani, yaende bara. Nikacheka kwa sauti. Akaniuliza, eti kuna nini, mama? Nikamwambia kwamba dada yangu anafuga huko, ng'ombe wanaanguka, kisima kimeingia chumvi. Akasema hizo ni hisia, si data. Anavyolishika neno hilo, utadhani rungu.

Jumanne, 4 Machi
Dada kapiga simu. Kaniuliza, mdogo wangu, huo mtambo wenu wa angani una macho au matundu? Shemeji akadakia kwa nyuma: mwambie ashuke aje kulamba mchanga. Nimecheka, kisha nikakosa raha. Wakikosa maji mwezi huu, wanauza mifugo yote na kuhama.

Jumatano, 5 Machi
Nimelipata kosa! Setilaiti inapima ukijani, sisi tunachukua wastani wa wilaya nzima. Nzima — pamoja na mikoko! Mikoko imesimama ndani ya maji ya bahari, mvua isiponyesha haina habari. Inang'aa pale ufukweni, na malisho yaliyokufa nyuma yake yanapotea kwenye wastani. Ni sawa na kumpima homa muuguzi, kisha ukamwambia mgonjwa aende nyumbani.
Na sisi ni wataalamu. Loo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitoa mikoko kwenye hesabu. Pwani imegeuka nyekundu tupu. Nikampelekea mkurugenzi. Hakubisha — hilo ndilo lililonichoma. Kasema ameelewa, ila ramani ya kwanza imeshafika wizarani. Tukiibadilisha tutaonekana hatujui kazi. Nikamjibu: basi tuonekane, maana hatukuijua! Akaniita kichwa kigumu. Nimekipokea kama cheo.
Kesho wizara inakuja kugawa malori. Mimi ndiye wa kuonyesha ramani.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutanoni. Nimewasha projekta, nimeweka ramani nyekundu ukutani. Mkurugenzi kasema, samahani waheshimiwa, mama amefungua faili lisilo sahihi, zima hiyo. Nikasema sizimi, na nikaeleza mikoko yote, mwanzo mwisho. Mgeni wa wizara kavua miwani. Kauliza: sasa ipi ndiyo ya ofisi?
Mkurugenzi kaomba dakika mbili. Ananong'ona na mgeni. Kila mara anaitazama swichi ya projekta.
Naandika nimesimama. Swichi iko nyuma ya mgongo wangu, na sibanduki. Anakuja —