Baba, Wameanza Kuuliza Habari za Tezi Dume

Kwako Baba mpendwa,

Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie kwa Kiswahili, kile ulichokipata Voi ukijengea watu nyumba, kwa sababu Kidawida changu, lugha yetu ya nyumbani, bado kinamchekesha.

Nakukumbuka kanisani Ronge ukiimba besi. Ulikuwa unasimama katikati ya kwaya, mikono nyuma, na sauti yako tuliisikia mpaka kwenye mbao za benchi tulilokalia. Kisha ukahamia pembeni, karibu na mlango. Mwalimu wa kwaya alipolalamika, ulimwambia unapenda hewa. Wimbo ukifika katikati besi inapungua, nasi tunajua umetoka. Nyumbani ukaanza kukataa chai, wewe mpenda chai kuliko wote. Nilikuuliza mara nyingi una nini.

"Mimi niko sawa, Wakesho. Ni uzee tu," ulikuwa ukisema, halafu unanitania kuhusu upishi wangu mpaka nacheka.

Siku mkojo ulipoziba kabisa tulikukimbiza Voi, ukawekewa mpira wa kutolea mkojo. Maumivu yalipotulia ulifumba macho ukasema, "Kumbe raha ya dunia ni hii!" Hata nesi alicheka. Baada ya vipimo daktari alitueleza kwamba ni saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa.

Ulimuuliza, "Na hizi dawa, zimejaribiwa kwa watu kama sisi?"

"Kwa wachache sana, mzee," alijibu. "Utafiti mwingi umefanywa mbali na hapa."

Tulipotoka ulinishika mkono. "Umeona? Hajanidanganya. Huyo ni daktari." Ulikuwa umetoka kupewa habari mbaya kuliko zote, na bado ulipata nafasi ya kumsifu kijana wa watu. Nilikupenda sana siku ile, Baba.

Ulituacha kabla ya mvua za masika. Mimi nikarudi kwenye kazi yangu ya utafiti wa malaria, ile uliyowaambia majirani kwamba mwanao anafukuzana na mbu. Mwaka huu tuliitwa kwenye mkutano Voi, kuamua ni magonjwa gani yafanyiwe utafiti kwanza hapa kwetu. Yalitajwa mengi, na yote ya maana. Magonjwa ya wanaume hayakutajwa. Niliposimama kuyataja, mwenyekiti, mama mmoja daktari mwenye upole, aliniuliza takwimu ziko wapi.

"Hazipo, daktari," nikamwambia. "Hakuna aliyehesabu. Na kwa kuwa hakuna aliyehesabu, tunasema si tatizo kubwa."

"Lakini wanaume wenyewe hawaji hospitali. Utamfanyia nani utafiti?"

"Wanakuja. Wanakuja wakiwa wamechelewa. Tuanze kwa kujua ni wangapi, na kwa nini wanachelewa."

Akasema nilete wanaume watakaokubali kuongea, ndipo watasikiliza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa rafiki yako, Mzee Mwadime. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mtoto, unataka nikusimulie wewe mambo ya kukojoa?"

Nikamweleza ulivyougua tangu mwanzo, yale ambayo wewe hukumwambia. Kicheko kikaisha. Akasema, "Mimi na babako tulipokuwa tukienda Ndara kununua mbuzi, kila saa tunasimama kichakani. Yeye anasema anaangalia nyayo za ndovu. Mimi nasema natafuta kijiti cha kuchokoa meno. Kumbe sote wawili tunaumwa!" Akapangusa macho kwa kofia yake. "Nitakuja."

Alikuja kwenye kikao kilichofuata, Baba, pamoja na wazee wengine aliowatoa majumbani mwao kwa maneno makali. Alisimama mbele ya wasomi wale akaeleza yote: mkojo unavyodondoka, usingizi unavyokatika, aibu ya kulowa suruali mbele ya wakwe. Hakuna aliyecheka. Walipopiga kura, tezi dume iliingia kwenye magonjwa ya kushughulikiwa kwanza. Haikushika nafasi ya juu, wala fedha si nyingi, lakini imeingia. Mzee Mwadime naye alipimwa. Tezi yake imevimba tu, si saratani, na dawa zinamsaidia. Mkewe anasema sasa analala mpaka anakoroma.

Nilifurahi, kisha nikakaa ndani ya gari nikalia. Wewe ungesimama pale ungeongea vizuri kuliko wote.

Wiki iliyopita tulianza mahojiano ya utafiti huo kijijini Makwasinyi. Mwanamume wa kwanza alikuwa wa umri wako, ameletwa na mkewe. Nilipomuuliza swali la kwanza, anaamka mara ngapi usiku kukojoa, alitazama viatu vyake, nikadhani ataondoka. Mkewe akamwekea mkono gotini. Akainua kichwa akaniambia polepole, "Andika, binti yangu. Nimekaa miaka nikingoja mtu aniulize hilo."

Nikaandika, Baba. Alizungumza mpaka jua likahama upande wa pili wa mlima, na sikumkatiza hata mara moja.

Pumzika vyema. Huku tunakutaja kila siku.

Ni mimi bintiyo akupendaye,
Wakesho